Chumbe, Mnemba, Kisite au Mafia: wapi pa kwenda kutazama matumbawe na viumbe vya bahari

Ukitafuta kisiwa cha kwenda kuvaa miwani ya maji na mrija, ulale kifudifudi juu ya bahari utazame yaliyo chini, pwani yetu haina uchoyo. Tatizo ni picha. Zote zinafanana: maji ya feruzi, mchanga mweupe, ngalawa imetia nanga. Picha haikuambii kwamba hapa utazungukwa na boti za watalii kila upande na kule mtakuwa ninyi na samaki tu, wala kwamba hapa mtoto wa miaka minane ataona samaki kwenye maji tulivu na kule mkondo unaweza kumpeleka mtu mzima asikotaka.

Nimeviweka vinne kwenye mizani: Chumbe na Mnemba kwa upande wa Unguja, Kisite kule kusini mwa Kenya, na Mafia. Vyote navipenda, lakini sivipendi sawa, na sitajifanya. Kwangu mimi swali la kwanza kuhusu kisiwa chochote ni hili: mwamba wake wa matumbawe unalindwa na nani, na hela yangu inamfikia? Mwamba unaolindwa ndio wenye samaki wakubwa, ndio wenye kasa asiyekimbia watu, na ndio utakaokuwepo watoto wetu watakapokua. Kwa hiyo hata nikizungumzia nauli na mawimbi, swali hilo sijaliacha.

Chagua mnyama kwanza

Wengi huchagua kisiwa, wakafika, ndipo wakauliza wataona nini. Afadhali uanze na kiumbe unachotamani kukiona, kwa sababu viumbe vya bahari vina makwao na misimu yao, na havibadilishi ratiba kwa ajili ya likizo ya mtu.

Kama ni papa potwe, mjadala umekwisha: ni Mafia. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na baadhi ya ndugu zetu wa Kenya humwita papa shilingi kwa yale madoa ya mgongoni. Wa Mafia wengi ni madume machanga, ya urefu wa mita sita au saba hivi. Hukusanyika upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya mji wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi, na chakula chao kinahusiana na Mto Rufiji. Delta yake, yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, inamwaga rutuba baharini, maji yanajaa vijidudu na uduvi, na potwe anafuata mlo. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mlio waligundua kwamba wengi hawaondoki hata msimu ukipita. Wanahamia tu maji ya kina kirefu zaidi, mbali na ufukwe. Kwa hiyo ukifika Julai ukaambiwa potwe wapo, hujadanganywa, ila kuwaona ni kazi nyingine.

Jambo moja wauzaji wa safari hawalisemi sana: maji ya Kilindoni si ya feruzi. Ni ya kijani, mazito, kwa sababu yale yale yanayomleta potwe ndiyo yanayoyatia uzito. Unaruka, unatazama, huoni kitu. Kisha unatokea mdomo mpana uliofunguka, unameza maji bila haraka, na nyuma yake unafuata ubavu wenye vidoa vyeupe vilivyopangwa kwa mistari, mrefu kiasi kwamba kichwa kimeshakupita na mkia hujauona bado. Samaki wadogo wanaogelea mbele ya pua yake. Hana habari na wewe. Kaa umbali wa mita tatu hivi, mkia uupe nafasi zaidi, usimguse, usimkatie njia, usitumie taa ya kamera. Nahodha anayemkimbiza kwa injini ili wateja waruke mbele yake anamfukuza, na boti inayofuata haitamkuta.

Kama ni pomboo, ninamshauri mtu aende Kisite. Njia ya bahari kati ya kijiji cha Shimoni, kisiwa cha Wasini na visiwa vya Mpunguti ni makazi yao ya kudumu, hawapiti tu, na boti nyingi za safari huwatafuta kwanza kabla ya kutia nanga mwambani. Mara nyingi utawaona ukiwa umekaa botini, na hivyo ndivyo inavyopasa. Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu nao hupita kwenye maji hayo wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, biashara ya kuogelea na pomboo ilikua mpaka boti nyingi zikawa zinalifukuza kundi moja, watu wanarushwa majini mbele ya mama na mtoto wake. Pomboo hulala, hunyonyesha na kupumzika kama viumbe wengine. Siwezi kumshauri mtu alipe hela kwa ajili ya hilo, na kama safari yako ni ya pomboo, Kisite ni bora kwa mbali.

Kama ni matumbawe yenyewe, yaani bustani ya chini kwa rangi na maumbo yake, hapo Chumbe haina mpinzani. Nitairudia.

Na kasa? Kasa unaweza kumwona mahali pote panne, lakini kwa namna mbili tofauti. Ukitaka kumwona akila majani ya bahari au akipanda juu kuvuta pumzi, Mnemba na Mafia zina nafasi nzuri. Ukitaka kuona vifaranga vikitoka mchangani kukimbilia maji, nenda Mafia, uvuke hadi kisiwa cha Juani. Sea Sense, shirika la Tanzania linalohifadhi kasa, limewafundisha wanakijiji kuyalinda mayai, kuhesabu siku na kujua kiota kipi kinakaribia. Kati ya Juni na Septemba ndipo bahati huwa kubwa. Sehemu ya ada ya mgeni huenda kijijini, na hilo ndilo linalomfanya kijana wa Juani aone kasa aliye hai ana thamani kuliko nyama yake.

Chumbe na Mnemba, dada wawili wasiofanana

Hivi viwili watu huvichanganya kwa sababu vyote viko Unguja na vyote unaweza kwenda na kurudi siku moja. Tofauti yake ni kubwa.

Mnemba iko kaskazini mashariki, mkabala na Matemwe na Muyuni. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, na asiyelala hapo haruhusiwi kukanyaga mchanga wake. Unachokwenda kuona ni mwamba unaokizunguka, ambao ni eneo la hifadhi tangu 2002. Samaki ni wengi kweli: changu, pono, puju, makundi ya samaki wa mistari ya manjano na nyeusi, taa amejifukia mchangani amebakisha macho. Maji yakiwa safi unaona chini bila hata kuvaa miwani. Ukilala Nungwi, Kendwa au Matemwe, boti inakuchukua asubuhi, mchana umesharudi umekula.

Ila fika pale saa nne asubuhi mwezi wa nane au wa kumi na mbili uone. Boti zinapangana, kelele za injini, watu wamesimama juu ya matumbawe kuweka miwani sawa, mwongozaji anatupa mkate ili samaki waje kwa picha, mwingine ameinua kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, juu ya maji kukipitisha mkono kwa mkono. Kiumbe huyo anapumua majini. Dakika chache tu hewani zinaweza kumuua. Na mkate ule unamfundisha samaki kuacha kazi yake ya kula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe. Sisemi usiende Mnemba. Nasema nenda boti iondokayo alfajiri, umtafute nahodha asiyebeba mkate, na ukiweza uepuke wiki za sikukuu.

Chumbe iko upande wa pili, kusini mwa mji wa Zanzibar, kisiwa cha hekta 22 hivi chenye mnara wa taa wa 1904 na msikiti mdogo wa walinzi wa mnara huo. Mwamba wa magharibi yake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari duniani kuendeshwa na taasisi binafsi. Lakini ulikuwa umesalimika tangu zamani: ule ni mkondo wa meli ziendazo Dar es Salaam, jeshi lilikuwa jirani, na wavuvi hawakuruhusiwa kutega hapo. Leo walinzi wake wengi ni watu waliokuwa wavuvi. Ndio wanaokuongoza majini, na wanaijua kila kona yake.

Wataalamu wamehesabu pale aina takriban 200 za matumbawe magumu, sehemu kubwa ya zile zote zilizowahi kurekodiwa Afrika Mashariki, na zaidi ya aina 400 za samaki, kwenye mwamba ambao mtu anauogelea wote kwa asubuhi moja. Chewa wa pale wamefikia umri ambao kwingine wangekuwa sokoni zamani. Kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi kwa watalii, ni kuelea na mrija tu, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Mkiwa majini ni kikundi kidogo na mlinzi wenu. Yeye ameshika boya la duara, na asiyejiamini analishikilia huku anavutwa polepole.

Nchi kavu nayo ina mambo. Msitu wa kisiwa hicho ni wa mawe ya tumbawe, na ndani yake wamehamishiwa paa nunga, wanyama wadogo adimu sana ambao hubaki Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya. Usiku hutoka kaa wa minazi, kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu, anayeweza kufikisha kilo nne. Anapanda mti, anapasua nazi kwa makoleo yake, na kwingi kwenye pwani hii ameshaliwa akaisha. Ukimwona na tochi akivuka njia, miguu yake inagonga mawe kwa sauti unayoweza kuisikia kutoka mbali. Nyumba za wageni ni saba tu, mapaa yake yanakusanya maji ya mvua, umeme ni wa jua, vyoo havitumii maji.

Bei ya Chumbe ni kubwa kuliko ya safari ya Mnemba, na kwa familia ya kipato cha kawaida inauma. Ninaitetea hata hivyo. Mapato ya wageni ndiyo yanayowalipa walinzi, na ndiyo yanayowaleta watoto wa shule za Unguja kuuona mwamba wao. Mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini anaweza kumaliza shule bila kuwahi kuchungulia chini ya maji. Chumbe imewavalisha miwani watoto wengi wa namna hiyo, na sijaona kazi nzuri kuliko hiyo kwenye utalii wetu wote.

Kisite na Mafia kwa upande wa hifadhi

Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu miaka ya 1970, kilomita za mraba 28, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na humo uvuvi ni marufuku kabisa. Mpunguti iliyo jirani ni hifadhi ya akiba ya kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa kijadi unaruhusiwa. Kisiwa cha Kisite chenyewe ni jiwe la tumbawe lisilo na kivuli, la ndege wa baharini. Mwamba unaokizunguka ndio raha. Maji si ya kina, samaki wamezoea usalama, na kwa mtu anayeanza ni mahali pa upole sana maji yakiwa yametulia.

Kinachonivuta Kisite kuliko yote ni kwamba siku haiishii majini. Mchana boti huja Wasini, kisiwa kisicho na magari, mnakula kaa na wali wa nazi. Wanawake wa Wasini wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko na mawe ya tumbawe ya kale yaliyoachwa juu na bahari. Unalipa kiingilio kidogo, na hela hiyo ni yao. Ukirudi Shimoni kuna pango ambamo watumwa walifungiwa kabla ya kusafirishwa. Watoto wakubwa wapelekeni, wapate kujua bahari hii ilibeba nini zaidi ya samaki.

Mafia ni jambo kubwa zaidi. Hifadhi yake ya bahari, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995 na ina kilomita za mraba 822, vijiji vikiwa ndani yake. Watu wanaishi, wanavua kwa masharti, wanalima minazi. Ghuba ya Chole, iliyozibwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ndiyo moyo wake. Ndani ya ghuba kuna matumbawe ya kila namna, na nje ya mlango wa Kinasi bahari kuu inaanza. Miaka ya nyuma baruti za wavuvi haramu zilitikisa miamba hii, kisha mwaka 1998 joto la bahari likayafanya matumbawe mengi ya ukanda wote kuwa meupe na kufa. Joto likarudi 2016. Utakuta sehemu zilizopona vizuri na sehemu zilizobaki kifusi, zimepakana. Mwongozaji mzuri wa Utende, kijiji kilicho kando ya ghuba hiyo, anakuonyesha zote mbili na kukueleza. Siku hizo mbili tatu za Mafia zinafundisha kuliko mahali pengine popote hapa.

Na jioni vukeni kwenda Chole. Magofu ya mji wa kale yamekumbatiwa na mizizi ya mitini, na popo wakubwa wala matunda, wa jamii inayopatikana pia Komoro, wananing'inia mitini mchana kutwa. Jua likishuka wanaruka kwa makundi kwenda kula. Hawali wadudu na hawamsumbui mtu. Kazi yao ni maembe, maua ya msufi na kusambaza mbegu.

Kalenda ya bahari

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na ni jambo ambalo mzee yeyote wa pwani angekuambia bure.

Kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto na bahari ya kuvukika. Kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, inavuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, na pwani za mashariki hupigwa mawimbi. Mnemba na nje ya Kinasi huwa taabu siku za kusi kali. Chumbe, kwa kuwa mwamba wake uko magharibi, hukingwa na kisiwa chenyewe. Ndani ya ghuba ya Chole pia pana kinga. Kisite wakati wa kusi unaweza kufika, lakini jiandae kutikiswa, na anayetapika ale tangawizi mapema. Mvua za masika, Machi mwishoni hadi Mei, hutia mito matope na kuharibu mwonekano, na Chumbe hufungwa kwa muda. Katikati ya misimu, pepo zinapopungua, Oktoba na Novemba, ndipo ningekwenda mimi. Bahari ni laini, maji safi, na Mafia potwe wameanza kusogea.

Kisha kuna bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Unguja inaweza kupanda na kushuka kwa takriban mita nne. Siku hizo maji hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo maana akina mama wa pweza wanaonekana miambani saa hizo. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa hizo hizo maji yamejaa na mkondo ni mdogo. Kwa hiyo anayeanza, au mwenye watoto, atazame tarehe za mwezi wa Kiislamu kwenye kalenda ya ukutani na alenge tarehe saba hadi tisa au ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Atapata asubuhi ya maji mengi yasiyovuta. Bamvua ina faida yake pia: ndipo mafungu ya mchanga ya Mafia yanapotoka vizuri, na ndipo unapoweza kutembea Chumbe kwenye vidimbwi vya mawe kutazama konokono na kaa. Mlango wa Kinasi nenda tu maji yanapojaa. Yakianza kutoka, mkondo unaelekea bahari kuu.

Asiyejua kuogelea, na suala la mavazi

Tuseme ukweli: watu wazima wengi wa kwetu hawajui kuogelea, hata wa pwani. Hilo halikuzuii. Kwa kuelea na mrija unahitaji jaketi okozi linalokukaa vizuri, mwongozaji aliye ndani ya maji pamoja nawe wala si juu ya boti, na robo saa ya kujizoesha kupumua kwa mdomo kwenye maji ya kiunoni. Kwa kipimo hicho naiweka Chumbe kwanza, Kisite pili, ghuba ya Chole tatu, Mnemba ya mwisho kwa sababu ya msongamano na mikondo. Potwe wa Kilindoni si wa asiyejua kuogelea. Unashuka kwenye maji ya kina huku boti inatembea. Anaweza kumtazama kutoka juu, na akija karibu anaonekana vizuri sana.

Akina dada na akina mama wanaojisitiri: vazi la kuogelea la stara la kitambaa kinachovutika ndilo bora, au suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Dera libaki botini, kwa sababu likilowa linakuwa zito na linajisokota miguuni. Kilemba kikae nyuma ya mpaka wa miwani, kwa maana mpira wa miwani lazima uguse ngozi pande zote, na uzi mmoja tu wa kitambaa ukipita chini yake maji yataingia. Wanaume wenye masharubu mna shida hiyo hiyo, pakeni mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo. Temea mate kwenye kioo, sugua, suuza, hakitashika ukungu. Na mikono mirefu inawafaa wote, kwani mafuta mengi ya kuzuia jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na nguo haidhuru kitu.

Njia na gharama

Mnemba ndiyo rahisi kwa aliye Unguja, Kisite kwa aliye Mombasa au Diani: ni barabara ya Lungalunga kisha kukata kwenda Shimoni, na ada ya KWS hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, si kwa noti. Lipa kabla hujafika gatini.

Mafia inataka moyo zaidi. Kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam ni nusu saa au zaidi kidogo. Kwa bajeti, panda basi Mbagala hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, safari ya saa kadhaa inayofuata maji na hali ya hewa. Usiipange siku ya mwisho ya likizo. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kila siku unayolala ndani yake, hata kama hukuingia majini. Wananchi hutozwa kidogo sana kuliko wageni, Kenya na Tanzania, ila bila kitambulisho hakuna atakayekuamini. Mnaokuja kutoka Ulaya, Marekani au Ghuba kwa pasipoti ya kigeni, kumbukeni bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024.

Aliyeko Pemba asivuke bahari yote hiyo. Misali, magharibi ya Chake Chake, ni hifadhi tangu 1998, ina kasa, tumbili na mwamba mzuri sana, na wavuvi wake walifundishwa uhifadhi kwa mafunzo ya Uislamu kuhusu amana ya viumbe. Na mwenye bibi asiyeweza kupanda boti kwa muda mrefu, au watoto wadogo mno, ampeleke Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, kutazama kobe wakubwa ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Mimi ningegawa hivi

Familia yenye watoto na siku moja tu, iliyo Kenya: Kisite, siku ya maji mafu, mchana Wasini. Iliyo Unguja: jikusanyieni hela muende Chumbe mara moja badala ya Mnemba mara mbili. Wanandoa walio Nungwi tayari: Mnemba, boti ya kwanza ya alfajiri. Anayejua kuogelea, mwenye siku nne na kuendelea kati ya Oktoba na Machi: Mafia bila kusita, siku moja Kilindoni, zilizobaki Utende. Mwenye likizo ya Juni hadi Agosti asihangaike na potwe. Aende Juani kwa vifaranga, au kuanzia Julai Kisite kwa nyangumi kama tumbo lake linastahimili mawimbi.

Popote uendapo, kabla ya kutoa hela muulize nahodha mambo matatu: majaketi okozi yako mangapi na ya watoto yapo, nani ataingia majini pamoja nasi, na siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Aliyezaliwa na bahari atakujibu la tatu bila kutazama simu. Akibabaika kwa la kwanza, au akikuahidi kwamba pomboo mtawagusa, tafuta boti nyingine, zipo nyingi.